Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Hoja Saba Kwenye Mizani

Mtu akisema tu kwamba anafikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hukumu hutolewa kabla hajamaliza kueleza. Kwenye vikundi vya familia vya WhatsApp, saluni, kazini na redioni, hoja ni zilezile, na wasomaji mnazijua: ni uvivu, ni kifo, ni hasara, ni urembo, ni kumkosoa Mungu, na siku hizi imeongezeka nyingine, kwamba sindano zipo. Nitazichukua moja baada ya nyingine, nizieleze kama wenyewe wanavyozisema, kisha nizipime. Ninyi ndio waamuzi. Ombi langu ni moja: kipimo mtakachotumia kwa upasuaji, tumieni hichohicho kwa njia nyingine zote.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Puto, lililopata umaarufu Tanzania tangu Hospitali ya Mloganzila ianze kuliweka, si upasuaji: huingizwa kwa njia ya mdomo, hukaa tumboni kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni wa aina mbili. Katika slivu, daktari hukata na kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, kikabaki kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Katika baipasi, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa iwe kifuko cha takriban mililita 30, kikaunganishwa na utumbo mdogo. Aghalabu zote mbili hufanywa kwa matundu madogo na kamera.

Hoja ya kwanza: ni njia ya mkato ya wavivu. Wanaoisema wana mifano. Wanamjua fulani aliyeacha wanga, akatembea kila alfajiri, akapungua bila kisu. Sikatai kwamba watu wa aina hiyo wapo. Lakini hoja inadai zaidi ya hapo: inadai kwamba asiyefanikiwa amekosa bidii, na dai hilo linapimika. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na njaa yenyewe ilikuwa juu kuliko kabla ya kuanza. Mwaka 2016 walichunguzwa washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, watu waliofanya mazoezi ya kutoa machozi mbele ya kamera. Miaka sita baada ya shindano, 13 kati yao walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Nani atawaita wavivu? Mwili uliopungua hupigania kurudi ulikotoka. Upasuaji unaingia hapo hasa: slivu huondoa sehemu ya mfuko wa chakula inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, na baipasi huongeza homoni za shibe baada ya kula. Ni tiba ya kile kinachomshinda mtu mwenye nia njema.

Tena hoja hii inajipinga yenyewe. Msemaji yuleyule anayeuita upasuaji njia rahisi husema, dakika mbili baadaye, kwamba waliopasuliwa wanaishi kwa mateso. Achague moja. Tazameni maisha yenyewe. Wiki za kwanza ni supu iliyochujwa, inayonywewa kwa kijiko kidogo, taratibu, kwa sababu kifuko cha mililita 30 ni sawa na vijiko viwili vikubwa. Baadaye sahani inarudi, ila yai au samaki huliwa kwanza, ugali ukifuata kama nafasi imebaki. Maji hayanywewi pamoja na chakula; husubiriwa kama nusu saa. Aliyefanyiwa baipasi akinywa soda au chai yenye sukari nyingi anaweza kutokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, akakimbilia chooni. Na vidonge vya vitamini na madini ni vya kila siku, maisha yote. Mvivu hana ubavu wa kuishi hivyo.

Hoja ya pili: utafia mezani. Hii haistahili kudharauliwa. Watu wamewahi kufa, na kila kifo kina familia nyuma yake. Ila hatari hupimwa kwa idadi. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali 10 za Marekani uliofuatilia wagonjwa 4,776 waliopasuliwa kwa mara ya kwanza. Waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3, yaani watatu hivi katika kila elfu moja. Waliopata tatizo kubwa walikuwa asilimia 4.3. Sitawaambia kwamba takwimu hizo ni za kila hospitali. Mwaka 2013, jimboni Michigan, madaktari 20 wa upasuaji huu walirekodiwa video wakiwa kazini, wenzao wakawapa alama za ustadi. Robo ya waliopata alama za chini kabisa walikuwa na matatizo kwa asilimia 14.5 ya wagonjwa wao. Robo ya juu, asilimia 5.2. Upasuaji ni uleule, mikono ni tofauti. Kwa hiyo “ni hatari” ni jibu lisilokamilika. Linakamilika ukiuliza: unafanywa na nani, na wapi?

Wenye hoja hiyo pia hupima upande mmoja tu. Wanalinganisha upasuaji na hatari sifuri, kana kwamba kubaki na unene uliokithiri, kisukari na presha hakuui. Sweden ilianza mwaka 1987 kufuatilia watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 wenye unene unaolingana waliopata matibabu ya kawaida. Ripoti ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba waliopasuliwa waliishi takriban miaka mitatu zaidi. Mpinzani makini atasema kwamba watu hao hawakugawanywa kwa kura. Ni kweli, na ndiyo maana sitegemei utafiti huo peke yake. Atasema pia kwamba waliopasuliwa bado waliishi miaka mitano na nusu pungufu ya watu wa kawaida. Nayo ni kweli. Upasuaji haufuti madhara ya miaka mingi. Unapunguza, na anayeupinga kwa sababu ya kifo anapaswa kuhesabu vifo vya pande zote mbili.

Hoja ya tatu: uzito hurudi, kwa hiyo ni hasara. Kurudi hurudi, swali ni kiasi gani. Katika utafiti huohuo wa Sweden, waliofanyiwa baipasi walipungua wastani wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa bado wako chini kwa asilimia 25. Tufanye hesabu kwa mama wa kilo 110. Anapoteza kilo 35, kisha kilo karibu nane zinarudi. Mwaka wa 10 ana kilo 82 na nusu. Shangazi anayemwona amenenepa kidogo anatangaza kwamba imeshindikana, ilhali kilo 27 hazijarudi. Waliotibiwa kawaida, kwa muda huohuo, walibaki karibu palepale walipoanzia. Kama kurudi kwa kilo nane kunatosha kuufuta upasuaji, basi mlo wa kujinyima, ambao kwa wengi hurudisha zote, umefutwa zamani. Lakini hakuna anayeuita mlo huo hasara.

Hoja ya nne: ni urembo wa matajiri. Chanzo chake ni picha za kabla na baada za watu maarufu, na bei ya mamilioni ya shilingi. Kuhusu bei, wana haki ya kukasirika. Ila bei inaeleza nani anaipata tiba. Haielezi kama tiba inafanya kazi. Kusafisha damu kwa mashine ni ghali mno, na hakuna aliyewahi kukuita urembo. Kuhusu urembo, tazameni utafiti uliofanyika Roma. Wagonjwa 60 wa kisukari aina ya pili wenye unene uliokithiri waligawanywa kwa kura, wengine dawa, wengine upasuaji. Baada ya miaka 10, asilimia 37.5 ya waliopasuliwa walikuwa bado hawana dalili za kisukari kwenye vipimo. Kwa waliopangiwa dawa, ni asilimia 5.5. Nani amepasuliwa ili apendeze, akaishia kuponyoka insulini?

Walio sahihi kidogo hapa ni wale wanaomlenga mtu badala ya upasuaji. Anayetaka kuondoa kitambi cha kilo saba ili nguo ya harusi imkae hana kazi na kisu hiki. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 huanzia BMI ya 35, au 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili. BMI hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama yetu wa kilo 110, akiwa na mita 1.60, ana 43. Yeye anahusika. Bibi harusi hahusiki, na hospitali inayompokea inastahili lawama zote.

Hoja ya tano: ni kumkosoa Mungu kwa alivyokuumba. Naiheshimu imani inayoisema, lakini waumini haohao humpeleka binti yao kujifungua kwa upasuaji, huondoa kidole tumbo, hukubali mguu uliooza kwa kisukari ukatwe. Ikiwa kukata mguu ili kuokoa uhai ni tiba, kukata mfuko wa chakula ili mguu usifike huko hakuwezi kuwa kufuru.

Hoja ya sita: sindano zipo, kisu cha nini? Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Sindano ya semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya uzito, ilipunguza wastani wa asilimia 15 katika jaribio lake kuu. Tirzepatidi kwa dozi ya juu ilifika karibu asilimia 21. Kwa wengi, hizi zinastahili kujaribiwa kwanza, na daktari asiyezitaja amemnyima mgonjwa nusu ya taarifa. Ila walioacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Dawa hii ni ya kuendelea nayo, na bei yake hulipwa mwezi baada ya mwezi. Anayeukataa upasuaji kwa sababu utamfunga maisha yote, kisha akapendekeza sindano isiyo na tarehe ya mwisho, hajaondoa kifungo. Aongeze na hili: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia. Sindano ya kununua kwa mtu mtandaoni si mbadala wa upasuaji wala wa kitu chochote.

Hoja ya saba inatoka upande wa pili, kwa wanaouza: fanya, umalize, uanze maisha mapya. Nayo haisimami. Kilichokatwa katika slivu hakirudishwi, na baadhi hupata kiungulia kikali baadaye. Upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12 unamnyemelea hasa mwanamke ambaye bado anapata hedhi. Anayetaka mtoto hushauriwa asubiri miezi 12 hadi 18. Diklofenaki na dawa za jamii yake, ambazo sisi tunazinunua dukani kama pipi, zinaweza kumletea vidonda mtu wa baipasi. Pombe humpanda haraka zaidi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wenye tatizo la pombe waliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili. Na jimboni Utah, mwaka 2007, watafiti walikuta kwamba vifo kwa jumla vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa, huku vifo vya ajali na kujiua vikiwa juu kwa asilimia 58. Mtangazaji anayetaja ile 40 akaificha ile 58 anafanya biashara, na mnunuzi ni mgonjwa.

Sasa wawekeni pamoja anayepinga na anayeuza. Wanagombana, lakini kosa lao ni moja: wote wanauona upasuaji kama tukio la siku moja, mmoja akaliita aibu, mwingine akaliita muujiza. Ushahidi wote niliouweka mbele yenu unasema kwamba unene uliokithiri ni ugonjwa wa kudumu, na upasuaji ni tiba yake moja yenye nguvu inayodai ufuatiliaji wa kudumu.

Kwa hiyo anayeamua aende kwa daktari na maswali haya: Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na wangapi walipata matatizo? Chumba cha wagonjwa mahututi kipo hapahapa? Kwa nini slivu kwangu na si baipasi? Vitamini zitanigharimu kiasi gani kwa mwezi? Mwaka wa tano nitafuatiliwa na nani? Daktari anayekerwa na maswali hayo si wa kumkabidhi tumbo lako. Mwenye BMI ya 43 na kisukari, akiwa na hospitali nzuri, familia inayomsaidia na uwezo wa kuhudhuria kliniki, ana sababu imara ya kukubali. Asiye na ufuatiliaji wa uhakika ana sababu imara ya kusubiri. Uamuzi wowote kati ya hayo mawili unaheshimika, na hakuna hata mmoja unaohitaji kibali cha jirani.