Kioo Kinachojipinda na Jicho la Mwenye Kisukari

Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipiga picha za seli mojamoja za retina ya mtu aliye hai. Walitumia kioo chenye visukumio 37 vya umeme mgongoni, vikikipinda kwa sehemu ndogo tu ya unene wa unywele ili kufuta kasoro za jicho. Wazo hilo lilitoka kwa wanaastronomia.

Nastaajabia ustadi huo. Hata hivyo, sioni kwamba kliniki zetu zianzie hapo. Chombo hicho hutazama eneo dogo mno kwa mara moja, ilhali kisukari hushambulia retina popote. Mwenye kisukari anahitaji kwanza matone ya kupanua mboni na uchunguzi wa retina nzima kila mwaka, hata akiona vizuri. Wengi hunijia ukungu ukiwa umeshatanda.