MWENZIO AKINYOLEWA, ULIZA KWANZA WEMBE

Ndugu wanachama,

Wahenga walituachia neno: mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunaongeza jingine: kabla hujatia maji, uliza vyombo vimetoka wapi na vimeoshwa kwa nini. Tusipouliza, maji tutatia na maradhi tutayabeba.

Habari yenyewe ni hii. Banda la kinyozi la ushirika limefunguliwa tena. Hilo ni jema, tulilidai wenyewe mkutanoni. Halmashauri imekwenda mjini ikanunua vifaa vya mtumba: mashine moja ya umeme, mashine mbili za mkono, wembe mmoja wa kukunja na brashi ya povu ya nywele za mnyama. Tulipouliza usafi wake tukajibiwa: "Vimefutwa spiriti, vimepitishwa motoni, kazi iendelee." Tukaambiwa tena kwamba ushirika umeokoa fedha.

Basi sisi tukaomba mashine moja ya mkono, tukaifungua juu ya meza mbele ya mashahidi. Katikati ya meno tulikuta mafuta meusi yaliyoganda, na ndani ya mafuta nywele fupi za mtu tusiyemjua. Hebu tuulize: ni moto gani huo uliopita hapo usiunguze hata unywele mmoja? Unywele ukiona njiti ya kiberiti hujikunja. Kama nywele zilibaki nzima, basi moto haukufika. Na kama moto haukufika, spiriti nayo haikufika.

Ndugu zetu, hatupigi vita mtumba. Mashati tuliyovaa ni mtumba. Baiskeli zinazobeba kahawa yetu ni mtumba. Lakini shati halikati ngozi. Wembe unakata, na mashine nayo inachuna, hata kama hatuoni damu. Mkwaruzo mdogo kisogoni unatosha kuwa mlango.

Na nini kinapita mlangoni hapo? Wengi wetu tunajua UKIMWI. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, watu walijifunza kwenda kwa kinyozi na wembe mfukoni. Lakini kuna mwingine tunayemsahau: homa ya ini aina ya B. Virusi vyake ni vigumu. Katika damu iliyokauka juu ya chuma vinaweza kukaa hai siku 7 au zaidi. Anayenyolewa Jumapili anaweza kumwachia zawadi hiyo anayenyolewa Jumamosi, na wote wawili wasijue. Chanjo yake iliingia katika chanjo za watoto wachanga hapa Tanzania mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio wengi wa wanachama, hatukuipata utotoni.

Yako pia mapunye. Huo ni ukungu, unakaa kwenye meno ya mashine, kwenye kitana, kwenye kofia na kwenye taulo. Mzazi hupaka mafuta, hupaka dawa, mtoto haponi, kwa sababu mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Hatusemi mapunye ya watoto wetu yametoka bandani. Tunasema banda chafu litayagawa kwa kichwa kimoja kimoja kama mgao wa sukari.

Sasa brashi. Hii wengi waliicheka tulipoitaja, eti brashi nayo ina kosa gani? Wafugaji msicheke. Kimeta mnakijua. Mnajua kwamba mzoga wa ng'ombe wa kimeta hauchunwi, na kwamba mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni na shingoni. Sababu ilikuwa brashi za kunyolea za nywele za farasi zilizotoka Asia bila kusafishwa sawasawa. Wengine walikufa. Leo hatari hiyo ni ndogo sana, tunakubali. Lakini brashi kuukuu isiyojulikana ilikotoka haichemshiki bila kuharibika, na povu la sabuni hupakwa kwa mkono safi pia. Ya nini kuiweka?

Tumesikia hoja tatu za kututuliza.

Ya kwanza: "Babu zetu walinyolewa ukoo mzima kwa kisu kimoja, mbona waliishi?" Walioishi ndio waliosimulia. Waliokufa na tumbo kujaa maji na macho kuwa manjano tulisema wamerogwa, tukagombana na jirani. Na desturi hiyo haijaisha. Msiba ukitokea wembe mmoja hupita kwenye vichwa vya wafiwa wote, na wembe uleule humnyoa mtoto mchanga. Desturi ya kunyoa ibaki. Wembe ubadilishwe.

Ya pili: "Spiriti inatosha." Spiriti ya asilimia 70 ni dawa nzuri, lakini haipenyi uchafu. Ukiipaka juu ya mafuta na nywele umeosha paa la nyumba huku ndani mna kunguni. Na ukiiwasha moto ukaizima hapo hapo, umefanya mazingaombwe na kuharibu makali ya chuma.

Ya tatu: "Hakuna fungu." Hii ndiyo inayotuuma. Fungu la chai ya wajumbe lipo. Fungu la nauli ya kwenda kununua vifaa lilikuwepo. Wembe mpya wa kichwa kimoja haufiki bei ya chai na maandazi mawili. Fedha iliyookolewa kwenye mtumba haikuwa faida, ilikuwa nusu ya bei. Nusu ya pili ni sabuni, dawa, kuni na wembe mpya. Halmashauri isipoilipa leo, wanachama wataimalizia hospitali, kila mtu kwa mfuko wake.

Kijana wetu kinyozi tusimlaumu. Yeye amepewa vyombo na chupa moja ya spiriti, akaambiwa akate nywele. Hakufundishwa. Sisi tunaandika hapa kazi yenyewe ilivyo, ili mtu asiseme hakujua:

1. Kuosha kwanza, dawa baadaye. Mashine ifunguliwe, meno yatolewe, nywele zisuguliwe kwa mswaki mkuukuu, yaoshwe kwa maji na sabuni mpaka mafuta yaishe. Ya umeme ichomolewe ukutani kwanza, na mwili wake usilowekwe.

2. Vyuma vitupu vichemshwe dakika 20, zikihesabiwa tangu maji yanapotokota, vyombo vikiwa vimezama vyote. Ukiongeza chombo kingine katikati, hesabu inaanza upya.

3. Kisichochemshika kilowekwe kwenye dawa ya klorini ya kufulia, ile tunayoiita jiki. Yenye asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, dakika 10. Kisha kisuuzwe, kikaushwe, kipakwe mafuta, maana klorini inakula chuma. Ichanganywe mpya kila siku. Isichanganywe na siki, dawa ya choo wala dawa nyingine yoyote, inatoa hewa ya sumu.

4. Kati ya mteja na mteja, meno ya mashine yapigwe mswaki, yaloweshwe spiriti, yaachwe yakauke yenyewe. Kama damu imetoka, mashine hiyo isimame, irudi namba 1.

5. Wembe ni mpya kwa kila kichwa, na ufunguliwe mbele ya mwenye kichwa. Uliotumika uingie kwenye kopo lenye mfuniko, sio shimo la taka wanakochezea watoto. Kuuchemsha ili urudi kazini ng'o! Kuchemsha hakuui mbegu zote, za pepopunda zinaweza kubaki.

6. Wembe wa kukunja tuliounyanyua una kutu yenye vishimo. Kishimo ni nyumba ya uchafu. Uondolewe, pamoja na brashi.

7. Taulo moja kwa mtu mmoja, kisha lifuliwe na kuanikwa juani.

Wazee watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Tuliikalia kwenye vikundi, redio katikati, tukajadili, kisha tukainuka tukachimba vyoo. Hakuna aliyetungoja kutuchimbia. Basi na hili ni choo chetu cha leo.

Kwa hiyo tunadai, na tutasimama mkutanoni kudai: banda lifungwe mpaka vifaa vioshwe kwa taratibu hizi. Liwekwe fungu la wembe, sabuni na dawa, lisomwe hadharani kila mwezi pamoja na hesabu ya kahawa. Mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe kumfundisha kinyozi mchana kutwa, na wanachama wahudhurie. Na wajumbe wa halmashauri wawe wa kwanza kukalia kiti hicho siku banda litakapofunguliwa, kwa vyombo vilevile tutakavyonyolewa sisi. Kama vyombo ni safi, wataogopa nini?

Anayetuona wachochezi aje na hoja, nafasi ya kuandika hapa ukutani ipo. Lakini asije na spiriti na njiti ya kiberiti.

Mali ya ushirika ni kahawa, ghala na mizani. Lakini anayechuma kahawa ni mtu, na mtu ana damu moja tu.

Ushirika udumu, na wanachama wake wadumu!

Ni sisi wenzenu,
Waandishi wa Gazeti la Ukutani