Noti Iliyong'aa Kupita Kiasi



Mwezi uliopita mama mwenzetu anayeuza dagaa na nyanya hapa Kiseke alipokea noti ya elfu kumi wakati giza likiingia, akarudisha chenji elfu nane na mia tano. Asubuhi, dukani kwa jumla, noti ile ilimulikwa kwa kitaa cha mwanga wa zambarau, ikawaka buluu kotekote. Ilikuwa bandia.

Tulijiuliza: kung'aa kwani ni kosa? Karatasi za kawaida hutiwa dawa ya weupe, ambayo hupokea mionzi isiyoonekana na kuitoa tena kama mwanga wa buluu. Karatasi ya noti halali ni ya pamba na haitiwi dawa hiyo. Chini ya kitaa hubaki na giza, zikawaka alama chache tu zilizowekwa makusudi. Lakini jihadharini! Sabuni nyingi za unga zina dawa ya namna hiyo hiyo. Noti halali iliyosahauliwa mfukoni mwa suruali ya baba na kufuliwa yaweza kung'aa pia. Basi usimwite mtu mwizi kwa kitaa peke yake. Inua noti kwenye mwanga, tafuta sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, tazama uzi, papasa chapa iliyoinuka.

Nyumbani nako, unga mweupe ndani ya taa ya tyubu hugeuza mionzi ya mvuke wa zebaki kuwa nuru. Katika taa za LED, ambazo wavuvi wengi wa dagaa wamezichukua badala ya karabai, unga wa njano husaidia mwanga wa buluu uonekane mweupe. Wataalamu sasa wanajaribu chumvi za metali zenye bromini au ayodini, jamaa wa mbali wa chumvi ya mboga, kwa taa na kwa alama za siri. Nyingi zina madini ya risasi, yenye sumu, na unyevu huziharibu. Sisi tungengoja kwanza.

Mama yetu alishauriwa aipenyeze noti kwenye daladala usiku. Alikataa, ingawa alilia. Kuitumia ukijua ni bandia ni kosa la jinai, na ukiipeleka polisi au benki hulipwi kitu. Aliipeleka kituoni. Sisi wa jumuiya tulichanga, na Jumamosi alikuwa mezani pake na ndoo moja ya dagaa.