Ufa wa Moyo Uliozibwa Usiachwe Bila Kukaguliwa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo naomba kuongeza neno: hata ukiuziba, usiuondolee macho.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule iliyozungukwa na mashamba ya majani chai wilayani Kericho. Darasani mwangu mlikuwa na msichana mwenye kovu refu kifuani. Alizaliwa na kasoro ya moyo, akapasuliwa utotoni, nasi sote tukaamini kwamba yamekwisha. Alicheza na wenzake, akamaliza shule, akaajiriwa kuchuma majani chai. Alipopita umri wa miaka ishirini, akashikwa na homa isiyokoma. Alimeza dawa za malaria mara tatu. Hakuna aliyemwuliza habari za lile kovu, wala yeye hakudhani kwamba lahusika. Kumbe viini vilipenya katika damu kupitia jino bovu, vikajikita ndani ya moyo. Vilipogunduliwa, vali moja ilikuwa imekwisha kuharibika.

Yapata mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Zamani wengi wenye kasoro kubwa hawakufika utu uzima. Siku hizi, pale matibabu yanapopatikana, wengi wao hufika. Hapa Kenya, Mater Heart Run ilianza mwaka 1993 kuchangisha fedha za kuwapasua watoto wasiojiweza. Bomet nayo ina Hospitali ya Tenwek, ambayo hufanya upasuaji wa moyo papa hapa kwetu. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Hata hivyo, kurekebisha moyo si kuuumba upya. Kovu lililomo ndani yake laweza kuyavuruga mapigo miaka mingi baadaye. Moyo uliofanya kazi kupita kiasi huweza kuchoka, miguu ikavimba na pumzi ikakatika. Wako wanaopatwa na shinikizo la damu mapafuni, kiharusi, au maradhi ya ini na figo. Mwanamke huweza kukabiliwa na hatari mpya anapochukua mimba. Isitoshe, hofu na huzuni huwaandama wengi kimyakimya. Kisha huja maradhi ya kawaida ya utu uzima, kama vile kisukari, nayo huulemea zaidi moyo uliokwisha kulemewa.

Tatizo letu ni kwamba mgonjwa hupotea njiani. Kliniki ya watoto humwaga, kadi hupotea, wazazi huhama shamba hili hadi lile, na kijana hubaki na kovu asilolijua hata jina lake.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa namna hii msimfiche wala msimfukuze uwanjani kwa hofu. Mwulizeni daktari ni michezo gani inayomfaa. Nanyi wanafunzi, mwenye kovu ajifunze jina la kasoro yake, aitunze kadi yake, apige mswaki na kumwona daktari wa meno, na kila anapotibiwa aseme waziwazi: nilizaliwa na kasoro ya moyo. Kujieleza hivyo si aibu.

Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zingefanya vyema kutenga siku ya kliniki kwa watu wazima wa aina hii. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka 2024, itambue kwamba kumkagua mgonjwa kila mwaka ni nafuu kuliko kumpasua mara ya pili.

Yule msichana yu hai. Amewekewa vali ya kubuni na kila siku humeza dawa ya kuzuia damu isigande. Tulipoonana mara ya mwisho aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona hamkuniambia?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika.