Vyama vya Siasa Visome Mapato Yao Mbele ya Wananchi

Ndugu wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini, mwenyekiti wa kijiji akimaliza mwaka bila kuitisha mkutano mkuu na kusoma mapato na matumizi, tunamfanyaje? Kuanzia Ilula hadi Kyela jibu ni moja: tunamkalia kooni. Mtendaji ataitwa, diwani ataitwa, na ikibidi mkuu wa wilaya ataandikiwa barua. Mzee aliyechangia Sh5,000 za ujenzi wa darasa atasimama na kuuliza saruji ilikwenda wapi, wala hakuna atakayemwita mkorofi. Sheria iko upande wake na desturi iko upande wake.

Sasa tuulizane kwa dhati. Chama kilichompitisha mwenyekiti huyo kugombea, kikampitisha diwani, kikampitisha mbunge, nani kati yetu amewahi kusikia mapato yake yakisomwa? Tunaona magari mapya yenye spika, tunaona fulana, kofia na kanga zikigawiwa kwa maelfu, tunaona bodaboda wakijaziwa mafuta ili wasindikize msafara. Aliyelipia hayo yote hatumjui. Tunamdai mwenyekiti wa kijiji hesabu ya mifuko ya saruji, kisha tunavikabidhi nchi vyama visivyotuambia vinakula kwa nani.

Wapo wanaodhani jambo hili ni geni, limeletwa na wafadhili. Sivyo. Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992, ile ile iliyoturudishia vyama vingi, inakitaka kila chama kitunze vitabu vya hesabu, na kila mwaka kimpelekee Msajili wa Vyama vya Siasa hesabu zilizokaguliwa pamoja na tamko la mali zote kinazomiliki. Msajili naye anatakiwa kutangaza taarifa ya hesabu hizo katika Gazeti la Serikali. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ambayo Rais Jakaya Kikwete aliitia saini hadharani, Ikulu, mwezi Machi mwaka huo. Hiyo inataka mchango wa uchaguzi unaozidi Sh1 milioni kutoka kwa mtu mmoja, au Sh2 milioni kutoka kwa taasisi, utolewe taarifa kwa Msajili. Sheria, basi, tunazo. Taarifa inatakiwa kufika mezani kwa Msajili, na hapo ndipo safari yake inapokatika. Muuza viazi wa Uyole na muuza nyanya wa Ilula, ambao ndio wapiga kura wenyewe, hawalioni Gazeti la Serikali, na hakuna anayewapelekea yaliyomo.

Tena hata huko mezani taarifa hazikufika sikuzote. Oktoba 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, ilitangaza kwamba vyama tisa vilikuwa vimepokea ruzuku ya Sh67.7 bilioni katika miaka minne, na hesabu zake hazikuwa zimekaguliwa kama sheria inavyotaka. CCM peke yake ilikuwa imepata karibu Sh51 bilioni, CHADEMA zaidi ya Sh9 bilioni, CUF zaidi ya Sh6 bilioni. Yakazuka malumbano, kila upande ukijitetea. Lakini tafakari, ndugu msomaji: hiyo ni ruzuku, fedha inayotoka Hazina, ambayo kila senti yake ina karatasi serikalini. Kama fedha yenye karatasi ilizua ubishi wa namna hiyo, itakuwaje fedha inayotolewa usiku na mtu asiyetaka jina lake liandikwe?

Nataka tulitazame jambo hili kwa macho ya hapa kwetu. Mbeya tuna Uwanja wa Sokoine, Iringa tuna Uwanja wa Samora. Vyote viwili ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Mashabiki wa Mbeya City na wa Tanzania Prisons wanapokata tiketi Sokoine, na wale wa Lipuli walipokuwa wakijaza Samora, sehemu ya mapato ya mlangoni imekuwa ikienda kwa mwenye uwanja. Kuna na fremu za biashara, na kodi ya matamasha na mikutano. Viwanja vya namna hii, na majengo mengi ya chama nchini, vilipatikana enzi ya chama kimoja, wakati ambapo michango ya wananchi na nguvu zao havikutenganishwa na michango ya chama. Baba zetu walichanga kwa sababu ndicho chama kilichokuwapo. Hakuna aliyeulizwa kama anakipenda. Sigusi hapa swali la nani amiliki viwanja hivyo, ingawa ni swali halali. Ninachodai ni kidogo sana kuliko hicho: mwananchi ambaye jasho la baba yake limo katika kuta zile ana haki ya kujua kila mwaka Sokoine imeingiza shilingi ngapi, Samora shilingi ngapi, na fedha hizo zimefanya nini.

CCM wenyewe waliwahi kuliona tatizo hili. Desemba 2017 Mwenyekiti wao, Hayati Rais John Magufuli, aliunda tume chini ya Dk. Bashiru Ally kuhakiki mali za chama nchi nzima. Mei 2018 tume ikakabidhi ripoti iliyoeleza mali zilizotafunwa na mikataba isiyo na faida kwa chama, na siku chache baadaye Dk. Bashiru akafanywa Katibu Mkuu. Ile ilikuwa kazi ya maana, nami naisifu. Lakini ripoti alikabidhiwa mwenyekiti wa chama. Ingebandikwa katika kila ofisi ya kata, mashabiki wa Mbeya na wa Iringa wangejua mengi kuhusu viwanja wanavyovilipia kiingilio.

Na ni katika Uwanja wa Sokoine, siku ya Mei Mosi 1995, Mwalimu Nyerere alipotoa ile hotuba ambayo mpaka leo husikika redioni. Nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mwalimu aliikemea rushwa bila kumung'unya maneno, akahoji kwa nini mtu atumie fedha nyingi kuingia Ikulu, na akishaingia atazirudisha kwa njia gani. Wazee wetu waliokuwa uwanjani walipiga makofi. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na swali lile halijawekewa utaratibu wa kulijibu.

Tumejaribu njia nyingine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, kwa hoja kwamba ukarimu ni desturi ya Mwafrika, na mkono mtupu haulambwi. Asasi tatu, LHRC, LEAT na NOLA, zikaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu wakavifuta vifungu vile kwa kuwa vinakiuka Katiba. Sheria ya 2010 ilipoanza kazi, TAKUKURU ilifikisha watia nia katika mahakama za Iringa kwa tuhuma za kuwapa fedha wajumbe wa kura za maoni. Mambo hayo yote yalihitajika. Ila angalia yanaelekea wapi: yanamkamata mgawaji wa noti za elfu kumi kijijini, wala hayamgusi aliyempa mgawaji mzigo mzima wa noti. Mjumbe maskini wa Mufindi anaaibishwa, na tajiri aliyefadhili kampeni anabaki mheshimiwa asiyejulikana.

Pasipokuwa na hesabu, uvumi ndio hukaa mahali pake. Tuliona katika sakata la EPA, ile akaunti ya madeni ya nje. Ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ulionyesha kwamba kampuni 22 zilikuwa zimelipwa isivyo halali Sh133 bilioni kutoka Benki Kuu katika mwaka wa fedha 2005/06. Kwa kuwa 2005 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wapinzani walidai sehemu ya fedha hizo iliingia katika kampeni za chama tawala, chama kikakanusha. Nani alisema kweli? Chama kingekuwa kimechapisha orodha ya wachangiaji wake wa 2005, kingeuzima uvumi ule siku moja kama ni uongo, au kingeumbuka siku moja kama ni kweli. Hakikuwa na orodha ya kuonyesha, na mpaka leo watu wanaendelea kusema lisemwalo lipo. Kwa hiyo uwazi ni ngao ya chama chenyewe kabla hata haujawa haki ya mpiga kura.

Agosti 2025 CCM ilifanya harambee kubwa Mlimani City, Dar es Salaam, ikilenga Sh100 bilioni, na zikatangazwa zaidi ya Sh86 bilioni, taslimu na ahadi. Majina ya wachangiaji kadhaa yalisomwa mbele ya kamera. CHADEMA nao mapema mwaka huo walianzisha Tone Tone, wanachama wakichangia kidogo kidogo kwa simu. Hatua zote mbili ni njema kwa kuwa fedha ilitajwa mchana kweupe. Lakini kutangaza majina ukumbini kwa hiari ni jambo moja, na orodha kamili yenye jina, kiasi na tarehe, iliyokaguliwa na yenye kubandikwa, ni jambo jingine. Katika harambee mtu hutaja anachotaka kisikike.

Sasa nije kwenye pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito wote. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa, au mwenye duka la vipuri pale Miyomboni, atasema: nikichangia upinzani na jina langu likabandikwa, kesho nitaletewa wakaguzi wa kodi, leseni yangu itacheleweshwa, zabuni ya halmashauri sitaiona tena. Hofu hiyo haitokani na ndoto. Mtu mwenye watoto shuleni na mkopo benki ana haki ya kuiogopa, na anayempuuza hajawahi kufanya biashara katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua kila mtu.

Hata hivyo, kwanza, kizingiti cha Sh1 milioni kinamlinda mchangiaji mdogo. Anayetoa elfu ishirini, au laki mbili, hatajwi. Pili, giza la sasa halimlindi huyu mwenye duka. Katika miji yetu wenye mamlaka wana njia zao za kujua nani kampa nani. Asiyejua ni mpiga kura peke yake. Orodha ikiwa wazi kwa vyama vyote siku moja, na mchangiaji wa upinzani akanyimwa leseni wiki inayofuata, kila mtu ataona na mahakama itakuwa na ushahidi. Tatu, na hili ndilo kubwa: orodha itamfichua pia yule anayechangia ili apate. Mkoani Iringa tuna shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na vibali vya kuvuna huko ni riziki ya maelfu ya watu wa Mafinga. Tuna barabara za TARURA, tuna zabuni za madawati na za dawa. Simtuhumu yeyote. Nasema orodha ya waliopata vibali na zabuni ikiwekwa kando ya orodha ya waliochangia vyama, mwananchi atajionea mwenyewe kama pana uhusiano au hapana.

Wenzetu wameshapita njia hii. Juni 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mpiga kura hawezi kuitumia vema haki yake ya kura bila kujua nani anavifadhili vyama. Tangu Aprili 2021 vyama vya huko vinatakiwa kutaja wachangiaji wakubwa, na tume yao ya uchaguzi huchapisha majina kila robo mwaka. Uingereza imefanya hivyo tangu sheria yao ya 2000. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini wabunge wao wameikwamisha, ikapita uchaguzi wa 2017 na wa 2022 bila kufanya kazi. Tuchague tunataka kufanana na nani.

Madai yangu basi ni haya. Orodha ya wachangiaji wakubwa itangazwe kabla ya siku ya kupiga kura, kwa sababu hesabu ya gharama inayokuja baada ya uchaguzi haimsaidii aliyekwisha kutumbukiza karatasi yake. Itangazwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe katika ofisi ya kila mtendaji wa kata, isomwe na redio zetu za Mbeya na Iringa. Na mali za vyama, viwanja vikiwamo, zitajwe moja moja pamoja na mapato yake. Msajili aanze na alichonacho tayari. Kuchapisha anachopewa hakuhitaji sheria mpya.

Nasi tusikae kungoja. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuandika barua akiomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na hata ya binafsi inayotumia fedha za umma. Vyama vinavyopokea ruzuku vinatumia fedha za umma. Wewe mwalimu wa Kihesa, wewe kiongozi wa AMCOS ya Rungwe, wewe kijana uliyesoma ukarudi Mbarali kulima mpunga, andika barua hiyo kwa Msajili na nakala kwa katibu wa chama chako wilayani. Omba hesabu za mwaka uliopita na orodha ya wachangiaji. Na mgombea wa chama chochote akija kijijini kwako kuomba kura, kabla hajaanza kuahidi maji na barabara, mwombe asome kwanza mapato na matumizi ya chama chake.