KIKI MBILI ZA PIKIPIKI YA BABU: RANGI INANG'AA, BREKI JE?

Wadau wa Bukoba, habari ya mjini mshaipata. Yule staa mwenye wafuasi kibao, mtoto wa Kamachumu anayekula bata Dar na kurudi nyumbani kila Krismasi na miwani mpya, safari hii hakuja na gari la kukodi. Kafufua pikipiki ya babu yake. Ile Yamaha DT 125 iliyolala miaka nyuma ya jiko, kuku wakitagia juu ya kiti, ghafla imeonekana ufukweni mwa ziwa, bluu inameta mpaka macho yanauma. Juu yake kakaa mpwa wake wa miaka tisa. Video ina sekunde 40, muziki juu, mchanga unaruka, na chini pameandikwa kwamba urithi haufi.

Mitandao ikachafuka. Kambi ya kwanza ikamwita legendi. Kambi ya pili ikataka polisi wamfuate, maana mtoto na pikipiki wapi na wapi. Kambi ya tatu, wale manshomile wa Rwamishenye ambao kila kitu wanakijua bei, wakauliza si angenunua tu Boxer mpya, hela ya kufufua chuma chakavu ya nini?

Kambi zote tatu zimepiga mpira nje ya goli.

Wa kwanza kujibiwa ni hao wa Boxer. Pikipiki mpya ya biashara inafaa kubeba abiria na mkungu wa ndizi kwenda Hamugembe. Kumfundisha mtoto mchezo wa motokrosi, kuruka vilima na kukata kona kwenye udongo, ni kazi ya mashine nyingine. DT zenyewe si motokrosi halisi za mashindano. Hizo Yamaha wanaziita YZ. DT ni binamu yake wa kijijini. Ukoo wake ulianza mwaka 1968 na DT-1, pikipiki yenye taa na leseni ya barabarani lakini yenye miguu ya porini: shokapu ndefu, tairi za meno, bomba la moshi limepanda juu lisigonge mawe. Ndiyo maana pikipiki za aina hiyo ziliwafaa mabwana shamba na mapadri kwenye njia za matope. Ukivua taa na kioo unakaribia sana motokrosi.

Halafu kuna hili ambalo watu wa mjini hawalioni. Pikipiki ya zamani inafunguka. Haina kompyuta. Kabureta unaiweka mezani, mtoto anaona tundu la mafuta kwa macho yake, anaelewa kwanini uchafu kidogo tu unaizimisha. Mtoto aliyefungua breki kwa mkono wake anaiogopa na kuiheshimu pikipiki kuliko yule aliyekabidhiwa tu apande. Kwahiyo wazo la kufufua chuma cha babu kwa ajili ya watoto wa ukoo ni wazo zuri kuliko mengi yanayofanyika Krismasi kule vijijini, na mnajua mengine ni yapi.

Sasa irudie ile video. Itazame bila sauti, maana muziki ndiyo unawadanganya.

Sekunde za mwanzo, dogo anasimama. Ni vidole vya mguu mmoja tu vinagusa mchanga, tena kwa kuchungulia. Kiti cha DT kiko juu zaidi ya sentimita 80 kutoka chini, na chuma chote kina uzito wa karibu kilo 100. Dogo wa miaka tisa ana kilo ngapi? Kichwani hana kitu. Miguuni kavaa yeboyebo. Mbele kidogo anapokata kona, angalia mkono wake wa kulia. Anaubana mkono wa breki mpaka unagusa mshikio kabisa, na pikipiki haipungui mwendo. Inaendelea tu. Waliokuwa wanapiga kelele za shangwe pembeni walidhani anaonyesha ufundi. Mtoto alikuwa anajaribu KUSIMAMA.

Tairi la mbele nalo limepakwa rangi nyeusi likapendeza, lakini kamera ilipolisogelea nyufa zilionekana pembeni kama udongo wa kiangazi.

Kingine, hakuna moshi. Mashabiki wamesifia hilo pia, eti injini safi kama mpya. Hapa ndipo wenye kujua waliposhika vichwa. DT ya miaka ile ni injini inayounguza oili pamoja na petroli. Ina kitenki chake cha oili na pampu ndogo inayopeleka oili ndani kidogo kidogo, na hiyo oili ndiyo inayolainisha pistoni. Ikiungua inatoa moshi wa bluu kwa mbali, hasa inapowashwa. Huo moshi ni uhai wake. DT ya umri ule ukiona haitoi hata punje ya moshi, swali la kwanza la fundi yeyote mzima ni moja: oili inafika? Inayosemwa mtaani ni kwamba pampu ilizibwa makusudi kwa sababu moshi ulikuwa unaharibu picha. Kama si kweli, staa aseme, ni rahisi tu, afungue kitenki mbele ya kamera hiyo hiyo.

Kwanini hili ni kubwa? Kwa sababu injini ya hivyo ikikosa oili haizimi kistaarabu. Pistoni inapata moto, inavimba, inashika kwenye silinda. Tairi la nyuma linajifunga papo hapo. Mtu mzima mwenye uzoefu anaweza kuwahi klachi. Mtoto wa miaka tisa ambaye vidole vyake havijazunguka vizuri mkono wa klachi anarushwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Staa kafufua PICHA ya pikipiki. Kaanza na rangi, kaja na stika, kamaliza na kiti kipya cha kushonwa. Breki, nyaya, beringi, tairi na pampu, vitu ambavyo havionekani kwenye sekunde 40, vimebaki kama kuku walivyoviacha. Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili hapa: kiki ya kuwashia pikipiki na kiki ya kutafutia jina. Huyu kapiga zote mbili kwa mguu wa mtoto.

Na nyumbani aliambiwa. Shangazi yake mmoja, dada wa baba, ndiye aliyebaki kwenye kibanja cha mzee. Ndiye aliyekuwa akipakiwa nyuma ya DT hiyo hiyo enzi za shule, mzee akienda kukagua mibuni ya watu. Anaijua ile pikipiki kuliko fundi yeyote wa Bukoba mjini. Inasemekana siku iliposhushwa kwenye Canter akaizunguka mara moja, akabana breki ya mbele, akauliza, "Baba, hii umeiangalia ndani au umeipaka nje tu?" Staa akacheka. "Shikamoo Shangazi. Ni ya video tu, usiwe na presha."

Ya video tu. Video imeisha, staa kapanda ndege Januari, kurudi kwenye bata. Pikipiki haikupanda ndege. Imebaki Kamachumu na wapwa watatu, mkubwa miaka 13, na anayeijua Kamachumu anajua ile milima. Ukitoka kule juu kushuka ni kona na changarawe, na mvua ikinyesha barabara za ndani zinakuwa sabuni.

Mashabiki watasema wivu. Wameshasema. Watasema pia kwamba enzi zile watu walipanda bila helmeti na wakakua. Waliokua ndio wanaosimulia, bana. Wale wengine hawana akaunti.

Na hoja ya kambi ya pili, kwamba mtoto hatakiwi kabisa kugusa pikipiki, nayo haisimami ukivuka tu mpaka wa Mutukula. Uganda motokrosi ni mchezo unaojaza watu, uwanja wa Busiika unajulikana, na watoto wadogo kabisa wana daraja lao la mashine za 50, kisha 65, kisha 85, ndio baadaye waende 125. Mtoto anapanda ngazi moja baada ya nyingine, huku kavaa helmeti, buti, magoti na kifua vya kujikinga, uwanjani, siyo barabarani. Ni kweli ule ni mchezo wa wenye hela, hilo lisifichwe. Ukiangalia wazazi wanaoshusha mashine kwenye magari unaona wazi si watu wa kuhesabu nauli. Ila ule mpangilio hauuzwi dukani. Kujua kwamba mwenye miaka tisa hapandi 125 ni bure.

Yamaha hao hao waliotengeneza DT walitoa mashine ya watoto, PW50, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ina kilo kama 40, haina gia za kubadilisha, breki zote mbili ziko mikononi kama baiskeli. Kwenye mkono wa mafuta kuna skrubu ndogo: mzazi anaikaza, mtoto hata akinyonga mpaka mwisho mashine haikimbii zaidi ya hapo. Skrubu moja, na ina akili kuliko timu nzima iliyopiga ile video. Kwa hela iliyoishia kwenye rangi na stika, staa angeanza kuulizia iliyotumika Kampala, au angewapa madogo baiskeli nzuri na helmeti kwanza, DT ikamsubiri huyo mkubwa afikishe urefu na umri.

Kuna watu wanalifanya hili vizuri, hawajaposti chochote. Kule Nshamba, Muleba hiyo hiyo, yupo bibi mmoja muuguzi mstaafu. Marehemu mumewe aliacha Honda XL 125, ilinunuliwa mnadani ikiwa tayari imechoka. Wajukuu walipoanza kuisumbua, bibi hakuwafukuza. Aliita fundi wa jirani, akampa sharti moja, kwamba hakuna kuiwasha mpaka isimame. Wakaanza na breki. Fundi akafungua magurudumu yote mawili, akabadilisha vilivyokwisha, akaweka waya mpya, halafu pikipiki ikasukumwa mteremkoni injini ikiwa imezimwa, mtu anabana breki, inasimama au haisimami. Wiki nzima ni hivyo tu. Wajukuu walichoka wakanuna.

Kisha beringi. Kisha spoki, wakizigonga moja moja kwa spana na kusikiliza iliyolegea. Mnyororo waliuosha wao kwa mafuta ya taa. Tenki lilikuwa na kutu ndani, wakatia kokoto na maji ya sabuni wakalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikaisha nguvu. Kila kitu kikaandikwa kwenye daftari la shule, tarehe na bei ya spea. Rangi? Haijapigwa mpaka leo. Nyekundu ya zamani imefifia ikawa kama maganda ya kahawa, na namba ya kazi ubavuni bado inasomeka nusu.

Sharti la kupanda nalo si la umri peke yake. Bibi anailaza pikipiki chini kwenye nyasi, anakwambia inua. Ukishindwa kuiinua peke yako hupandi, maana siku ikikulalia hakuna atakayekuwepo. Mwenye miaka 17 aliinua. Wa 11 hakuweza, akalia, akapewa kazi ya kukagua oili na presha ya tairi. Anafanya mazoezi kwa baiskeli kwenye kiwanja cha mpira jioni, helmeti ya saizi yake kichwani, kaka yake akizunguka na Honda upande wa pili. Anajua siku yake inakuja, na kila Jumamosi anakwenda kujaribu tena kuinua.

Miezi ilipita kabla Honda ile haijatoa sauti. Kwa staa ilikuwa siku nne, kuanzia Canter mpaka ufukweni.

Kwahiyo staa, kwa kuwa unasoma, na inajulikana unasoma: hakuna aliyekuambia uiuze DT ya mzee au uirudishie kuku. Tuma hela ya breki kabla ya hela ya mtu wa kukupigia picha. Rudisha pampu ya oili, moshi utoke, wacheke wanaocheka. Tairi mpya mbele na nyuma. Helmeti tatu za watoto, za saizi zao, siyo lako la Dar limejazwa kitambaa. Na ile video ishushe, kwa sababu kuna madogo wengine Kashai wana DT za babu zao nyuma ya jiko na wameshaanza kuulizia bei ya rangi ya bluu.

Mpaka jana jioni video ilikuwa bado juu. Pikipiki nayo iko pale pale Kamachumu, imeegemezwa kwenye mbuni, inang'aa. Wapwa wamepiga kiki siku tatu mfululizo haiwaki, wamepiga simu Dar, staa kawaambia labda ni betri. Siyo betri. Shangazi aliing'oa plagi usiku ule ule staa alipoondoka, kaifunga kwenye ncha ya khanga, na anaenda nayo mpaka kanisani.