Mkutano wa Walimu wa Historia na Uvuke Maji

Kisiwa cha Makoongwe kimekaa mkabala wa bandari ya Mkoani, Pemba, na mwalimu wake wa historia akiitwa mafunzoni hana budi kupanda chombo, kwani mafunzo aghalabu hufanywa mjini. Huko hufundishwa namna ya kupanga somo, kuandika shabaha zake na kutunga maswali. Haya si mabaya. Walakini mkutano wa walimu wa historia uwezao kumalizika pasipo kutajwa hata jambo moja lililopata kutokea ni mkutano wa makarani.

Asili ya kosa ni dharau: kudhani kwamba elimu makao yake ni mjini, na kisiwa kidogo hakina ila kupokea. Mtambwe Mkuu nacho ni kisiwa kidogo, ambacho maji yakitoka mtu hukifikia kwa miguu. Mwaka 1984 zilifukuliwa pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii hii, pamoja na chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Ni walimu wangapi wa Pemba waliopata kupelekwa pale kwa jina la mafunzo? Tena tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja iliiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo karafuu za Zanzibar zimekuwa kwa sehemu kubwa karafuu za Pemba. Nani alipanda, nani alichuma, nani alifaidi? Maswali hayo hayahitaji mgeni wa kuyafasiri. Yahitaji mwalimu mwenye daftari na subira ya kukaa na wazee.

Husemwa kwamba masimulizi ya wazee hugongana, na kwamba habari za 1964 zingali na moto. Kweli hugongana. Lakini kupima maneno yanayogongana ndiyo kazi ya mwalimu wa historia. Kama si yeye, ni nani? Mtoto aliyenyamaziwa na skuli hakosi habari. Huzipata barazani, za upande mmoja, wala hana wa kumwonyesha jinsi ya kuzipima.

Na muda umekuwa mfupi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, sasa amepita 80.

Basi mkutano ujao na ufanywe Makoongwe. Safari hii wavuke wataalamu wa mjini. Kila mwalimu aje na masimulizi mawili ya jambo moja, aliyoyaandika kwa mkono wake, na siku ya kwanza yote itumike kuyalinganisha mbele ya wale waliosimulia. Fomu zaweza kujazwa chomboni, wakati wa kurudi.